Richard Böhm, Aliyeandika Habari za Wanyama wa Bara

Punda milia ni mnyama ajulikanaye na kila mtoto wa nchi hii, hata yule ambaye hajapata kumwona ila katika picha. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa punda milia wa Tanzania, katika vitabu vya wataalamu wa wanyama, amepewa jina la mtu. Mtu huyo ni Richard Böhm. Hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakuishi siku nyingi. Alikufa kabla ya kutimiza miaka thelathini. Walakini jina lake hutembea pamoja na makundi ya punda milia, tena huruka pamoja na ndege watatu wa misitu ya bara. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika nchi ya Ugalla na Karema, ambazo kwa mwanafunzi wa Magamba ni nchi za jirani, yafaa habari zake zijulikane.

Böhm alizaliwa katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani, tarehe 1 Oktoba, 1854. Alipokuwa kijana alijifunza elimu ya wanyama katika vyuo vikuu vya kwao. Hapo kwanza hakushughulika na simba wala tembo. Viumbe alivyovichagua vilikuwa dhaifu mno, navyo ni yavuyavu za baharini, ambazo mwili wake ni kama ute ulioganda, nawe ukizitoa majini hunywea zikawa si kitu. Böhm alizitafuta pande za Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, akazipima, akazichora, na mwaka 1878 akatoa maandiko marefu juu yake. Mtu asiyeijua elimu hiyo aweza kuuliza, ni faida gani kutumia miezi mingi kwa kitu kisicholiwa wala kuuzwa? Jibu lilikuwa likimngojea Böhm mahali asipopafikiri kabisa, yaani kando ya ziwa katika nchi ya Karema.

Zama hizo watu wa Ulaya walikuwa na hamu kubwa ya kuijua Afrika ya kati, na wengi wao walikuwa na hamu ya kuitawala pia. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wasafiri na wataalamu katika mji wa Brussels, wakaunda chama cha kuichungua Afrika. Mambo ya Kongo yaliyofuata yalionyesha wazi nia iliyokuwa imefichwa ndani ya shauri lile. Wajerumani nao walikuwa na tawi lao, wakakusudia kujenga kituo kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Basi mwaka 1880 walipelekwa watu wanne. Mkuu wao alikuwa Kapteni von Schöler. Emil Kaiser alikuwa na kazi ya kupima nchi na nyota. Paul Reichard alikuwa msafiri na mwindaji. Na Böhm alikuwa mtaalamu wa wanyama. Wakafika Unguja, wakavuka hata Bagamoyo, wakaajiri wapagazi, wakashika njia ya Tabora.

Njia hiyo ilikuwa kazi ya miezi. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari; kila kitu kilichukuliwa kichwani au begani, nguo, shanga, na nyaya za shaba zilizotumika mahali pa fedha, na kwa msafara huu hata chupa za dawa na masanduku ya kutilia ngozi za ndege. Misafara iliyotoka bara ilikutana nao ikishuka pwani na meno ya tembo. Katika miaka ile pembe zilikuwa ndiyo biashara kubwa ya Tabora, na kila jino moja lilikuwa na habari ya tembo aliyeuawa mahali fulani katika misitu ya magharibi. Jambo hili msomaji alishike, maana litarudi.

Walipofika Unyamwezi walijenga kituo huko Kakoma, kusini ya Tabora. Von Schöler alipokwisha kuisimamisha kazi akarudi Ulaya, na wale watatu wakabaki. Baadaye wakahamia Igonda katika nchi ya Ugunda, na kutoka huko Böhm akazoea kwenda mara kwa mara katika mapori ya Mto Ugalla. Mto huu hupeleka maji yake Malagarasi, na Malagarasi hupeleka yake katika Ziwa Tanganyika. Wakati wa masika Ugalla hufurika ukafunika mbuga pande zote mbili. Wakati wa kiangazi hukatika-katika, yakabaki mabwawa marefu, na humo viboko na mamba hubanana. Pembeni mwake ni msitu wa miyombo usiokwisha, mmojawapo wa misitu mikubwa ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Mtu apitaye mbio huona miti ile ni ya namna moja tu, tena nchi ni kavu na tupu. Böhm hakupita mbio. Alikaa, na kwa kukaa aliona.

Kazi ya mtaalamu wa namna ile ilikuwa hivi. Alfajiri huenda porini na bunduki na kitabu cha kuandikia. Ndege apigwapo huchunwa siku ile ile, maana joto halingoji; ngozi hupakwa dawa ili wadudu wasiile, ikajazwa pamba au nyasi laini. Kisha hufungwa mguuni karatasi ndogo yenye kuandikwa mahali alipopatikana, tarehe, dume au jike, na rangi ya macho, kwa kuwa macho hupoteza rangi yake upesi baada ya kufa. Watu wengi hudhani ngozi ndiyo yenye thamani. La, ni karatasi ile. Ngozi isiyo na karatasi ni pambo tu. Lakini ngozi yenye mahali na tarehe ni ushahidi ya kwamba ndege wa aina hiyo aliishi katika nchi hiyo siku hiyo, na ushahidi huo haufutiki hata ikiwa baada ya miaka mia msitu wenyewe hauko. Zaidi ya ngozi, Böhm aliandika habari za maisha ya wanyama: wala nini, wajenga wapi, wahama wakati gani, walia namna gani.

Katika vitabu vya Ulaya kazi hii huhesabiwa kuwa yake peke yake, na hapo haki haikutendeka. Hapana mgeni wa nyakati zile aliyeweza kupata mnyama hata mmoja bila wawindaji wa nchi, waliojua nyayo, na maji, na majira. Wanyamwezi na Wakonongo walikuwa na jina kwa kila mnyama na karibu kila mti, nao walijua asali hupatikana mwezi gani kwa kuona ua gani limechanua. Majina ya watu hao hayakuandikwa juu ya karatasi zile zilizofungwa miguuni mwa ndege.

Yafaa kusema pia kwamba Böhm alikuwa mwindaji hodari, naye aliwaua wanyama wengi, kwa kuchungua na kwa kulisha watu wa msafara. Leo mtaalamu wa ndege hutumia darubini, na picha, na chombo cha kunasa sauti, naye aweza kumfunga ndege pete mguuni akamwachia aende zake. Wakati ule kazi hiyo haikufanywa kwa njia hizo.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Kaiser, yule mpima nchi, alikwenda kuliangalia Ziwa Rukwa, akafa huko. Wakabaki wawili, Böhm na Reichard. Wakaelekea magharibi mpaka Karema, ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga boma mwaka 1879 ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko Böhm alijiingiza katika jambo ambalo halina sifa. Mwaka 1883 Wabelgiji walikwenda kupiga kijiji kimoja cha karibu kwa sababu ya magomvi yao, na Wajerumani hao wawili wakafuatana nao. Böhm akapigwa risasi mguuni. Alilala kitandani Karema kwa muda mrefu, naye hakuwa na wa kumlaumu.

Lakini mwaka ule ule wa 1883 ndipo alipoona kitu kilichowashangaza wataalamu wa dunia nzima. Katika maji ya Ziwa Tanganyika, maji matamu ya kunywa, mlikuwa na yavuyavu. Zilikuwa ndogo, zipatazo upana wa kidole gumba, nyangavu kama kioo, zikielea kwa kujikunja na kujikunjua. Wavuvi wa ziwa bila shaka walikuwa wakiziona tangu zamani, ila hazikuwasumbua, kwa maana haziwashi. Mzungu mwingine angaliweza kuzipita akidhani ni povu. Böhm, aliyekuwa ametumia ujana wake kuchungua yavuyavu za baharini, alijua mara moja ya kuwa jambo hili ni geni, akaandika habari zake kwao. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1893, mtaalamu mmoja wa Uingereza aitwaye Günther aliwapa viumbe hao jina lao la elimu.

Ndipo mabishano yalipoanza. Yavuyavu ni viumbe wa bahari. Basi zimefikaje katika ziwa lililo mbali na pwani, juu ya nchi ya bara? Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefanya safari ya kwanza ya kulichungua ziwa mwaka 1896, alisema kwamba zamani sana ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari, na ya kuwa konokono wake na yavuyavu zake ni mabaki ya wakati huo. Watu wengi walipendezwa na maneno yake. Walakini wataalamu waliomfuata walipima zaidi, wakaona sivyo. Ziwa Tanganyika halikuwa bahari. Ni ufa mkubwa wa ardhi uliojaa maji, nao ni wa zamani mno, wapata miaka milioni 9 hata 12. Kina chake ni meta 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu, katika Urusi, lililo refu zaidi kwenda chini. Kwa muda huo mrefu viumbe wake walijitenga na wengine, wakabadilika kidogo kidogo kizazi kwa kizazi, hata wakawa aina zisizopatikana mahali pengine po pote. Samaki wa jamaa ya sato peke yao wapita aina 200, na karibu wote ni wa ziwa hili tu. Wakifa humo, wamekufa duniani.

Boma lile la Karema nalo lilitoa somo. Lilipojengwa lilikuwa karibu na maji. Lakini katika miaka hiyo Mto Lukuga, ulio upande wa magharibi na ndio njia ya pekee ya maji kutoka ziwani, ulikuwa umejifungua. Maji yakashuka, ufuko ukajitenga, na boma likaachwa nchi kavu. Mwaka 1885 Wabelgiji wakalitoa kwa wamisionari. Ziwa linapanda na kushuka hata leo kwa kadiri ya mvua na mito iliyoingia, na yeyote ajengaye ukingoni yampasa kulikumbuka hilo.

Jeraha la Böhm lilipopata nafuu, yeye na Reichard wakavuka ziwa, wakaingia nchi ya Marungu, wakaendelea magharibi mpaka Katanga, katika milki ya Msiri. Ilikuwa safari ya njaa na hatari. Kusudi lao lilikuwa kuyaona maziwa ya Mto Lualaba, nao wakalifikia Ziwa Upemba. Huko homa ikamshika Böhm. Watu wa wakati ule walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Ilikuwa bado miaka 13 kabla ya Ronald Ross kuvumbua katika India, mwaka 1897, kwamba vijidudu vya homa hukaa katika mbu. Basi mtu aliyejua kutofautisha ndege kwa unyoya mmoja hakumjua mdudu aliyekuwa akimwua. Richard Böhm alifariki tarehe 27 Machi, 1884, akiwa na umri wa miaka 29. Reichard akamzika, kisha akarudi peke yake njia ndefu mpaka pwani.

Mikusanyo yake ilifika Berlin. Wataalamu wa makumbusho walipoifungua waliona aina ambazo hazijaandikwa, wakazipa jina la mwenyewe. Keremkerem wa Böhm alipewa jina mwaka 1882, wakati Böhm angali hai. Ni ndege mwembamba wa rangi ya majani, mwenye utosi wa rangi ya kutu, alaye nyuki na nzi. Wa pili ni jamaa ya mbayuwayu, ambaye mkia wake ni mfupi mno hata akiruka jioni juu ya mibuyu hudhaniwa kuwa popo. Wa tatu ni ndege mdogo wa miyombo, mwenye madoa kifuani, akaaye kimya juu ya tawi akivizia wadudu. Kuna na kindi wa Böhm, na panya wa Böhm. Punda milia alipewa jina hilo mwaka 1892 na Paul Matschie, aliyeangalia milia yake mipana, myeusi juu ya nyeupe, akaona yatofautiana na ya punda milia wa kusini. Barua za Böhm zilikusanywa zikapigwa chapa Leipzig mwaka 1888, kitabu chenye kueleza safari kutoka Unguja mpaka Tanganyika.

Maandiko hayo yana thamani kwa sababu nyingine, ambayo Böhm mwenyewe hakuweza kuijua. Aliandika kati ya 1880 na 1884. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika ya Mashariki. Ng'ombe wakafa kwa maelfu, na porini wakafa nyati, na pofu, na twiga. Watu wafugao wakaangukiwa na njaa kuu. Ugonjwa huo ulisumbua Afrika kwa muda mrefu, na mwaka 2011 tu ndipo ulipotangazwa kuwa umekwisha duniani kote. Kwa hiyo aliyoyaandika Böhm ni kama hesabu ya mali iliyofanywa usiku wa kuamkia mwizi. Mtu atakaye kujua nchi ilikuwaje kabla ya sotoka, hana budi kumwendea yeye na wachache mfano wake.

Na tembo je? Meno yale yaliyoshuka pwani hayakukoma kushuka. Hata baada ya mataifa kupatana mwaka 1989 kukataza biashara ya pembe, majangili waliendelea. Tembo wa Tanzania walihesabiwa mwaka 2009 wakawa kama 109,000. Walipohesabiwa tena mwaka 2014 walikuwa kama 43,000. Ndani ya miaka mitano tu! Vifaru, waliokuwako zamani katika nchi ya Katavi, hawapo tena kabisa. Tangu hapo ulinzi umeongezwa na wizi wa pembe umepungua sana, lakini tembo huchukua mimba muda wa miezi 22 akazaa mtoto mmoja, na hasara ya miaka mitano hailipwi kwa miaka mitano.

Nchi yenyewe imebadilika katika mambo yasiyo na kishindo cha bunduki. Miti ya mninga na mkurungu imekatwa sana kwa mbao. Moto wa kiangazi, ukiwashwa mapema nyasi zikiwa na unyevu, hupita upesi na kuiacha miti. Bali ukiwashwa Septemba au Oktoba, miyombo inapochipua majani mekundu, huchoma miche yote, na msitu hubaki na wazee bila watoto. Mzinga wa gome ni mwepesi kutengeneza, lakini mti uliochunwa gome pande zote hufa. Mzinga mmoja wa mbao hukaa miaka mingi na hauui mti wo wote. Tena Mto Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Katavi na kunywesha maelfu ya viboko, nyati na punda milia, hukauka kiangazi mapema kuliko zamani, kwa kuwa maji yake huchepushwa huko juu kumwagilia mashamba. Mkulima wa mpunga hafanyi ubaya kutaka kula. Ila kiboko wa chini hana mto mwingine, naye huonekana akilala juu ya mwenzake katika tope.

Katavi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa baadaye hata kufikia kilometa za mraba 4,471. Mwaka 2024, kwa kuwa dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika walikuwa wamepungua, uvuvi wa upande wa Tanzania ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Watu wa Karema walikaa miezi mitatu bila kazi yao ya kila siku, jambo lililo zito kwa mwenye watoto.

Na yale mapori ya Mto Ugalla, Böhm alikotembea na kitabu chake, yalikuwa kwa muda mrefu pori la akiba, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Hapo kwanza wavuvi na warina asali waliweza kupewa ruhusa ya kuingia kwa msimu, kama baba zao walivyokuwa wakiingia. Sheria ya hifadhi za taifa ni kali kupita ile, na wengi wao iliwapasa kutafuta mahali pengine pa kutundika mizinga. Punda milia wangali wakishuka kunywa katika mabwawa ya mto ule wakati wa kiangazi.